Mlango Uliofungwa Siku ya Shukrani

"Tangazo, tangazo. Baraza la wazee wa kanisa linawajulisha washirika wote, pamoja na wageni wetu wapendwa waliotoka mbali, kwamba mlango wa mbele wa nyumba ya Om Jootje Wuisan, jumuiya ya sita, umetiwa komeo kwa ndani. Mlango wa nyuma nao ni vilevile. Wageni waliokwisha kusimama barazani wanaombwa kwa upendo wa Kristo wasogee nyumba ya pili, ambako wali wa mianzi bado ni wa moto. Baraza linalifuatilia jambo hili kwa karibu. Heri ya Siku ya Shukrani."

Mpendwa Tante Nontje, shangazi wa wasomaji wote, naomba msaada, na kama msaada umekwisha huko gazetini basi naomba unisaidie kukasirika, maana tangazo ulilolisoma hapo juu lilitoka kwenye vipaza sauti vya mnara wa kanisa letu, vile ambavyo siku nyingine hutangaza misiba, zamu za kufagia na nguruwe waliopotea, lilitolewa mchana kweupe, likarudiwa kwa faida ya waliokuwa wanatafuna, na huyo Om, yaani mjomba, aliyetajwa ni mimi, kwa hiyo ile huruma yenu ya kuficha jina la mwandishi msijisumbue nayo, kwa sababu kutoka mlimani hadi ufukweni Minahasa yote sasa inajua kwamba Jootje Wuisan alijifungia ndani siku ambayo hata bahili wa kijiji hufungua mlango na kuita wapita njia.

Nieleze kwa utaratibu, ingawa utaratibu umenitoka. Mke wangu Syulce alifariki mwaka jana, karafuu zikiwa juani. Mimi ni shemasi, na kwa kuomba, Tante, nisijisifu, nilikuwa najulikana. Nikipewa sala ya mwisho wa ibada watu waliokwisha kusimama walikuwa wanakaa tena, na nikiombea chakula mchuzi ulikuwa unaganda na Syulce alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza ili nifike kwenye amina. Tulipotoka makaburini ule mguu haukuwepo tena, na maneno nayo hayakuwepo. Nikifumba macho naona giza la kope zangu, basi, hakuna kingine. Nikipewa zamu ya kuomba nasema nina mafua. Mwaka wote huu mafua, watu wananiletea tangawizi, nami naipokea na kusema asante, nikirudi nyumbani nakaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza kama Mungu amehama au mimi ndiye niliyehama, na kusema kweli nilianza kuogopa kwamba nitakufa hivyohivyo, shemasi asiye na neno hata moja la kumwambia Yule anayekwenda kuonana naye.

Ndipo nikaenda mjini Manado kwenye semina ya nidhamu za kiroho. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, sauti ya chini, hata maji aliyanywa kwa kutafakari, akatufundisha kufunga kula, kukaa kimya, kukaa peke yako, kusoma mstari mmoja wa Neno polepole kama mtu anayekula samaki wa miba mingi, na kutenda haya yote kwa siri kama Bwana alivyoagiza, na akasema jambo lililoniingia: mtu akiwa amekauka asianze kwa kusema, aanze kwa kunyamaza, achague siku moja ambayo hakuna atakayemtafuta. Nikarudi na basi nikiiwaza hiyo siku. Jumatatu kuna kikao cha wazee, Jumanne ibada ya akina baba, Jumatano jumuiya, Alhamisi akina mama na mimi ndiye mbeba viti, Ijumaa vijana, Jumamosi hapakosi harusi au kumbukumbu ya marehemu, Jumapili ni Jumapili. Basi nikafikiri hivi, na hebu niambie kosa liko wapi: Siku ya Shukrani, baada ya mavuno, kila mtu yuko kwa mwenzake anakula, barabara imejaa magari ya wageni, kila meza ina nyama, nani atakumbuka nyumba moja ya mgane? Nikaona hiyo ndiyo siku ya kujificha.

Nikafanya kila kitu sawasawa. Ibada ya alfajiri ilipokwisha nilirudi mbio, sikupika. Nilitia komeo mbele na nyuma, nikashusha mapazia, nikaweka nadhiri ya kutosema na mwanadamu yeyote mpaka jioni, nikapiga magoti chumbani. Asubuhi ilikuwa ngumu, kwa sababu majirani wote walikuwa wanachoma wali kwenye mianzi, moshi wenye harufu ya tui unapenya chini ya mlango, na kuna mtu, sitamtaja, aliyeinjika sufuria yake ya nguruwe wa pilipili upande unakotoka upepo. Lakini nilivumilia. Jua lilipopanda tumbo likaacha kugomba, kukawa na utulivu, Tante, utulivu ambao sijaupata tangu mazishi, kama mtu amezima redio ambayo hukujua kwamba ilikuwa inaunguruma, na nikasikia kitu kinapanda kifuani, na hakikuwa ombi, kilikuwa jina. Nilikuwa namtajia Mungu jina la mke wangu, ambalo sijaweza kumtajia tangu amchukue. Nilishafungua mdomo. Nilishafika katikati ya jina.

Hapo ndipo walipopiga hodi.

"Hodi! Hodi humu ndani! Ni sisi, wa Bitung!"

Hao ni jamaa za marehemu, ambao Shukrani yao huwa Jumapili nyingine na kwa hiyo huja kwetu wakiwa na matumbo matupu kabisa.

"Mbona mlango umefungwa?"

"Mlango ufungwe leo? Sukuma vizuri, wewe."

"Nimesukuma."

"Labda amekwenda kununua nguruwe."

"Saa hizi? Nguruwe wa saa hizi ataiva keshokutwa."

"Mama, nina njaa."

"Nyamaza! Umetoka kula nyumba tatu, hiyo njaa umeipatia njiani?"

Nikasema moyoni, watachoka, watakwenda. Hawakwenda. Wakaja wengine nyuma yao, ambao hata siwajui, watu walioona foleni wakadhani kuna chakula cha maana, na foleni ikaita foleni, na mtoto mmoja akachungulia tundu la ufunguo akasema ndani kuna giza, na mtu mzima, si mtoto, mtu mzima, akasema, "Huyu amekufa."

"Mtu hafi Siku ya Shukrani."

"Hafi kwa nini? Imekuwa chanjo?"

Ndipo lile tangazo likatoka mnarani, na baada ya tangazo akaja mwenyewe mtangazaji, Om Berty Tular, mzee wa kanisa wa jumuiya yetu, mtu niliyekaa naye benchi moja tangu kipaimara, akapiga mlango kwa ngumi na kusema, "Jootje! Kama uko hai, jibu! Usipojibu tunaingia!" Nami nina nadhiri, Tante. Ningejibuje? Nikakohoa. Akasema, "Mmesikia? Anakata roho!" na kishindo cha watu kikazunguka nyumba kwenda jikoni.

Niliyoyaona hapo, nikichungulia mlangoni pa chumba, sitayasahau. Dirisha la jikoni likang'olewa kitasa, ukaingia mguu wa Om Berty, ukaingia mkono, halafu kila kitu kikasimama.

"Sukumeni!"

"Tunasukuma, Om! Tumbo ndilo limekataa!"

"Mmekula wapi nyinyi mnakosa nguvu?"

"Tumekula ulikokula wewe, Om, ila hatukurudia!"

Nikatoka chumbani nikapiga magoti palepale sebuleni, nikidhani mtu wa kanisa akimwona mwenzake yuko magotini atarudi nyuma kwa heshima. Akanitazama. Nikamtazama. Akasema, "Jootje, unafanya nini huko chini?" Nikaonyesha juu kwa kidole, kwamba niko na Bwana. Akageuza shingo akapiga kelele kwa walioko nje: "Yuko hai! Lakini amepatwa na kitu! Anaonyesha dari!"

Basi wakamsukumiza ndani, akafungua komeo na wakaingia wote. Shemeji yangu Treis, mdogo wake marehemu, alikwenda moja kwa moja jikoni akafunua sufuria moja baada ya nyingine, akarudi akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Shemeji, chakula kiko wapi?" Nikaona nadhiri imeshakufa, nikasema, nimefunga, niko katika maombi. Akasema mbele ya watu wa Bitung, "Siku zote wewe unakula, leo wageni wamekuja ndiyo unafunga? Huo ni uchoyo, umeubatiza tu. Meza ya dada yangu haijawahi kulala njaa siku hii, hata mwaka ule wa mafuriko." Akavua sufuria kubwa ya Syulce msumarini, ambayo hakuna aliyeigusa tangu aondoke, akaanza kugawa kazi. Huyu alete kuni, huyu alete kuku, wale wa nyumba ya pili walete mianzi iliyobaki. Wakapika ndani ya mfungo wangu. Wakapanga meza. Wakanikalisha mwisho wa meza kama bwana harusi, mchungaji mama akaja na tabasamu lake la kuzuru wagonjwa, na mbele ya watu wote akasema, "Shemasi, tuombee chakula."

Nikasimama. Tante, nilisimama pale mpaka mchuzi ukaganda kama zamani, lakini safari hii kwa sababu sikuwa na kitu. Mtu akanong'ona, "Mafua." Om Berty akaomba badala yangu, sala fupi, nikakaa, nikala. Nilikula kwa hasira, na chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jumapili iliyofuata mchungaji akamwombea madhabahuni "ndugu yetu anayepita gizani", macho yote yakageuka benchi la mashemasi. Halafu, shika kichwa chako, jumuiya imetangaza mfungo kwa ajili yangu. Kwenye vipaza sauti! Watu walionivunjia mfungo wangu sasa watafunga ili Mungu anirudishie akili, na mfungo huo utamalizika kwa chakula cha pamoja, kila familia ije na sufuria moja.

Swali langu ni hili. Nina binamu huko wilaya ya kusini, kanisa lao ni dogo, hawanijui, binamu anasema ni watu wa utulivu. Nimeamua kuomba barua ya uhamisho nihamie kule kabla karafuu hazijakauka, nikamtafute Mungu mahali ambapo madirisha yanaheshimiwa, na kabla ya kuondoka namtaka Berty Tular aniombe radhi kwa kipaza sauti kilekile. Nakosea? Walichonivunjia si mlango. Nilikuwa nimefika katikati ya jina, na tangu siku ile nimejaribu tena na halipandi. Nijibu upesi, hasira yangu ingali mbichi.

Wako,
Jootje Wuisan, ambaye hana mafua

*

Om Jootje,

Pole kwa Syulce. Naanzia hapo kwa sababu naona kila mtu alipita hapo mbio akielekea jikoni, na wewe ukiwa mmojawapo.

Kabla sijakugeukia, nina maneno na Om Berty Tular, na najua gazeti linamfikia. Om Berty, mtu ukimkuta amepiga magoti unarudi ulikotoka, hata kama dirisha limekubana. Ukishindwa, unangoja humo humo dirishani kwa adabu mpaka aseme amina. Kipaza sauti cha kanisa kilinunuliwa kwa sadaka za wajane, hakikununuliwa kutangaza komeo la mtu. Na huo mfungo wenu wa sufuria moja kwa kila familia, uiteni karamu, mle, mfurahi, Mungu hana ugomvi na karamu. Msibandike jina la mwenzenu juu ya kifuniko. Mchungaji mama, wewe una masomo, nitakwambia kidogo tu: mtu aliyefiwa hapimwi mbele za watu kama gari linalojaribiwa kama linawaka. Ulimwona hana maneno. Ungemwachia wali.

Sasa wewe.

Umezaliwa wapi, Om? Nauliza kwa sababu unasema ulichagua Siku ya Shukrani ili mtu asikutafute. Huku kwetu! Siku ambayo dereva asiyejua jina lako anaegesha, anaingia, anakula, anabeba wali wa mianzi na mfuko wa dodoli, ile halua ya mchele, na akifika getini ndipo anauliza, "Hapa kwa nani?" Ungejificha juu ya mnara, kwenye mdomo wa kipaza sauti, wangekuona wachache zaidi. Mtoto wa huku akiona mlango umefungwa siku ile anajua ndani kuna maiti. Uliwatisha watu. Wale wa Bitung walikuja nyumbani kwa dada yao aliyekufa, mara yao ya kwanza tangu wamzike, wakagonga, kukawa kimya. Umefikiria walisikia nini katika ule ukimya wako? Hukufikiria, ulikuwa unatafakari.

Na usinitolee lile agizo la Bwana la kuomba kwa siri. Nalijua. Alisema mlango wa chumba. Alisema pia mtu akifunga anawe uso na apake mafuta, watu wasimjue, maana yake alitegemea watu watakuona, tena karibu, na wewe utawasalimu kama kawaida.

Nitakwambia ninavyodhani, na kama nimekosea niandikie unitukane, nimezoea. Ile semina ilikuwa nzuri, sina neno nayo. Kufunga kula ni kuzuri, ukimya ni mzuri, kijiji chenu kinauhitaji kuliko mvua. Lakini wewe siku ile hukukimbia kelele. Ulikikimbia kiti cha mwisho wa meza, pasipo mtu wa kukukanyaga mguu. Ulikimbia kusimama mlangoni peke yako ukipokea wageni ambao kila mmoja angeangalia jikoni kwanza, akakumbuka, halafu akakuangalia wewe. Na ulikimbia sufuria, kwa sababu hujui wali unatiwa maji kiasi gani, na aliyejua umemzika. Hakuna aibu katika hayo. Aibu ni kuyapaka mafuta matakatifu na kuyaita nidhamu.

Hebu nikuulize. Miaka yote ya ndoa yenu, umewahi kumwona Syulce anakula Siku ya Shukrani? Usijibu haraka. Mwone alivyoamka jogoo wakiwa bado wamelala, akakata mianzi na kuitia majani ya mgomba, akakuna nazi, akachoma nguruwe manyoya, akaosha sahani za kundi la kwanza ili kundi la pili likae, akasimama, akasimama, na jioni akachovya kidole kwenye mchuzi akasema, "Mimi nimeshiba moshi." Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unaombea chakula.

Huo ulikuwa mfungo, Om Jootje. Wake zetu na mama zetu wamekuwa wakiufunga kila mwaka, mlango ukiwa wazi, watoto wa watu wakiwapanda migongoni, na hakuna mwalimu mwembamba aliyewaalika Manado kuwapongeza. Hakuna mzee wa kanisa aliyepita dirishani kuwatazama. Nimekasirika kuliko wewe, na hasira yangu ni ya zamani kuliko yako. Hata nakuandikia nikiwa nimesimama.

Shika haya.

Uendelee kufunga kula, lakini Jumanne. Akina baba hawatakukosa. Nijuavyo mimi, hiyo ibada yao ni robo saa ya sala na kinachobaki ni kahawa. Mwambie mtu mmoja, naye awe Treis, ili asichinje kuku bure. Mlango urudishie tu. Mtu akipiga hodi mwambie, "Niko hai, niko katika maombi, njoo jioni," halafu urudi magotini. Nadhiri isiyoruhusu kusema maneno hayo haikutoka mbinguni, uliitunga kwenye basi.

Kuhusu lile jina. Unasema lilifika katikati likakatika, na sasa halipandi. Wewe unalisubiri lipande likiwa limevaa, lina utangulizi na hitimisho, kama sala zako za zamani zilizogandisha mchuzi. Acha. Jumatano ijayo kwenye jumuiya, ukipewa zamu, mafua uyaache nyumbani. Simama useme, "Bwana, Syulce." Halafu ukae. Ukikasirika, sema, "Bwana, Syulce, na nimekukasirikia," halafu ukae. Mungu anamfahamu, huna haja ya kumtambulisha. Watu watanyamaza, nakuhakikishia, hata Om Berty, na huo utakuwa ukimya ulioutafuta, ila utakuwa nao mbele ya watu, ambako ndiko ulikoupoteza. Kama siku hiyo hata hilo jina halitoki, sema, "Sina maneno," ukae. Sijawahi kusikia shemasi akisema hivyo. Ningesafiri kuja kumsikia.

Treis alikukosea kukuita mchoyo mbele za watu, na anapaswa kulikiri hilo. Lakini kumbuka ni nani aliyeivua ile sufuria msumarini. Wewe hukuweza mwaka mzima. Unadhani ilikuwa nyepesi kwake? Ni dada yake. Mwendee umwambie, "Shemeji, nifundishe wali wa mianzi." Atakutukana kwanza. Vumilia, halafu ujifunze. Mwakani simama mwenyewe mlangoni, upike, ugawe, uoshe, na kama unataka kufunga siku hiyo, funga: mwenye nyumba hakuna anayemkagua sahani.

Om Berty akuombe radhi uso kwa uso, mlangoni, baada ya kukutengenezea kitasa cha dirisha kwa mkono wake. Kwa kipaza sauti, hapana. Ukishamsikiliza, mpe mkono na umpe kahawa. Alidhani rafiki yake amekufa. Kwa tumbo ulilonieleza, mtu hapenyi dirisha la jikoni kwa ajili ya umbea. Umbea angeufanyia barazani, kwenye kiti.

Na huko wilaya ya kusini kwa binamu yako, kwa watu wa utulivu, usiende. Nimepiga simu kuuliza. Shukrani yao ni Jumapili hii.

Tante Nontje